Nyaya Mbili za Vuje

Jumatatu, 3 Februari 2025

Haikubali!

Nimeandika jina la kompyuta ya Vuje kama lilivyo, nimebonyeza, nimengoja. Kiduara kinazunguka, kinazunguka — halafu ujumbe: imeshindikana kuunganisha. Ama rimoti haijaruhusiwa, ama kompyuta imezimwa, ama haipo kwenye mtandao. Chagua mwenyewe! Yaani hata yenyewe haijui. Umuulize mtu mumeo yuko wapi, akujibu yuko hai, au amekufa, au amesafiri.

Ngoja nijieleze taratibu, labda nikiandika nitaelewa. Kompyuta iko Vuje, juu mlimani, kwenye chumba cha umoja wetu wa watumia maji, pembeni ya ndiva — lile bwawa la wazee linalolala na maji usiku ili mchana yaende mashambani. Ndani ya ndiva kumezamishwa kipimo. Waya mmoja unatoka kwenye kipimo unaingia kwenye kompyuta, nayo inaandika kina cha maji siku nzima. Waya wa pili unatoka kwenye kompyuta hiyohiyo unakwenda kwenye sahani iliyo juu ya bati, na sahani inatupa mtandao mpaka huku Same mjini. Mimi nikikaa mezani kwangu Same natakiwa niingie kwenye ile kompyuta kama vile nimeketi mbele yake. Ndiyo rimoti hiyo. Zamani nilikuwa nakwenda mwenyewe: basi mpaka Gonja, halafu pikipiki, mawe, mashimo, kona juu ya kona.

Sasa siwezi. Mimba imeingia mwezi wa tano na dokta wa kliniki amesema bila kuzunguka: mlango wa kizazi umelegea. Ile ya mwaka juzi ilitoka kwa sababu hiyohiyo, na kama naitaka hii nisipande pikipiki wala mlima. Naitaka. Naitaka mpaka naogopa kuiandika. Anajua dokta, anajua mume wangu Sadock, basi. Ofisini nimesema ni mgongo.

Mwenyekiti wetu Mama Sharifa ni mtu wa Maore, analima mpunga huko bondeni, na kila tone lake linatoka Vuje. Hana ugomvi na mgongo wangu. Ila kikao cha Ijumaa ya tarehe 21 kinataka kuona kwa macho: ama rimoti inafanya kazi, ama dawati la takwimu linahamia Vuje na mwenye dawati anahamia nalo. Na kama mgongo haupandi, atatafutwa mwenye mgongo unaopanda. Alisema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Februari

Kaja fundi Swalehe, yule wa kibanda cha kompyuta karibu na stendi. Ana tabia ya kuzungumza na mashine. "Haya mama, tuambie, unaumwa wapi?" Kumbe haniulizi mimi. Nilikuwa nimeshaanza kujibu.

Kasema kosa ni jina. Kompyuta ya Vuje ina kadi mbili za mtandao, moja ya ndiva na moja ya sahani, na kila kadi ina namba yake. Lakini jina ni moja. Nikiita jina napelekwa kwenye namba ya upande wa ndiva, ambako kutoka Same hakuna njia. Kwa hiyo nisiite jina, niite namba ya upande wa sahani.

Nikaita namba. Kiduara. Kiduara. Haikubali.

"Sasa hapa hata mimi sielewi, dada Yudith," kasema Swalehe, akachukua begi lake akaondoka. Fundi akisema haelewi, mteja aseme nini?

Jumatano, 5 Februari

Imekubali! Imekubali! Nimeiona desktopu ya Vuje, ile picha ya mlima niliyoiweka mwenyewe mwaka jana, na mshale unatembea ninavyotaka!

Ilivyokuwa: Swalehe alirudi asubuhi, inaonekana hakulala vizuri. Kasema namba za ndiva na namba za Same ni za ukoo mmoja, zinaanza sawa zote, kwa hiyo kompyuta ya Vuje inachanganyikiwa. Naigongea mlango upande wa sahani, inanisikia, halafu inakwenda kunijibu upande wa ndiva. Jibu linaishia majini. Nikamwambia hata mimi ningechanganyikiwa.

Ikabidi apigiwe mtunza ofisi wa Vuje achomoe waya wa ndiva kwa muda. Na hapo ndipo nilipokwama, maana mtunza ofisi ni Mzee Aminieli, na Mzee Aminieli ni baba mkwe wangu. Mimi ni wa Msangeni, Mgweno wa kaskazini, nimeolewa huku kusini, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa baba mkwe naongea nimeinamisha macho hata kwenye simu. Nikampa Swalehe simu.

Swalehe kamsalimia vizuri, shikamoo mzee, kisha: "Hizo nyaya mbili zinagombana. Zisikae zote kwa pamoja. Chomoa wa ndiva, bakiza wa sahani."

Nilisikia sauti ya baba inajibu, imechangamka: "Zinagombana? Nimeelewa, kijana. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Kachomoa, mimi nikaingia. Nimefurahi mpaka nimekula chapati mbili za Swalehe.

Alhamisi, 6 Februari

Sikupaswa kufurahi.

Leo Swalehe kaingia kupitia rimoti, kaiandikia kompyuta ya Vuje amri: kila jibu la kwenda Same lipite sahani, lisithubutu kupita ndiva. Kaonyesha kwenye skrini, mstari mmoja tu wa namba. Kasema sasa nyaya zote mbili zinaweza kukaa bila vita. Akampigia baba: "Mzee, rudisha waya wa ndiva."

"Naurudisha," kasema baba.

Papo hapo skrini ikaganda. Halafu nyeusi. Tumetolewa!

Swalehe kabadilika rangi. Kasema basi amri yake ina kosa. Kaiandika kwenye karatasi, kaisoma mbele, kaisoma nyuma. Haina kosa.  Hata mashine hakuiambia kitu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekuja ofisini ingawa ni Jumamosi. Siwezi kukaa nyumbani na kitu hiki kichwani.

Asubuhi: haikubali. Nimejaribu kwa jina, kwa namba, nimezima nimewasha, nimesali kidogo.

Mchana, baada ya wali: imekubali! Yenyewe! Sijagusa kitu! Nikaingia mbio kabla haijabadilisha mawazo, nikafungua programu ya kipimo. Kina cha maji: sifuri.

Sifuri? Kwenye ndiva iliyojaa?

Nikaangalia upande wa kadi ya ndiva: alama nyekundu, waya haujachomekwa. Nikapiga moyo konde nikampigia baba mkwe mwenyewe. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, habari za Same. Nzuri baba. Nikauliza kwa adabu zote, waya wa ndiva upo? Kasema upo. Na wa sahani? Upo. Nyaya zote zipo salama, ondoa shaka. Kisha akauliza, lini napanda. Nikasema mgongo, baba. Kasema pole.   Tukaagana.

Sikuweza kuuliza zaidi. Ningemwambiaje, baba angalia vizuri? Nimhoji mkwe kama polisi?

Jumatatu, 10 Februari

Nimeng'amua utaratibu wake, ila sijang'amua maana yake. Asubuhi siingii kabisa. Mchana naingia, lakini maji sifuri. Na nikiingia mchana nikafungua kumbukumbu za asubuhi — maji yapo! Yameandikwa vizuri, kina kizuri, kila kitu. Yaani wakati kipimo kinafanya kazi mimi niko nje, na wakati mimi niko ndani kipimo kimelala. Kama watu wawili waliokosana, huyu akiingia sebuleni yule anatoka.

Swalehe kasema labda ni umeme. Kisha kasema labda ni joto, kadi ikipata joto mchana inazimika. Kisha kasema labda panya. Panya anayetafuna waya mchana na kuuunganisha asubuhi! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, maskini. Ameagiza kadi mpya Moshi.

Jumanne, 11 Februari

Balaa. Mama Sharifa kapita nyuma ya kiti changu wakati naangalia kumbukumbu. Kaona mstari unapanda asubuhi, mchana unaporomoka mpaka sifuri. Kila siku hivyohivyo.

"Maji ya mchana yanakwenda wapi?"

Nikasema ni kosa la mtandao, mwenyekiti.

"Mtandao unakunywa maji?" Kavua miwani. "Mchana ndiyo mgao wa Maore! Watu wa juu wanatufungia!"

Akapiga Vuje hapohapo, kasimama, mkono kiunoni. Nikasikia sauti ya baba mkwe inasema ndiva imejaa mpaka ukingoni, mfereji wa chini uko wazi tangu adhuhuri, mwenyekiti atume mtu aone. Mama Sharifa akapiga Maore. Mwanawe kajibu kwamba maji yapo shambani, yamemfika magotini, kwani vipi?

Basi akakaa. Akanitazama mimi, akatazama skrini, akanitazama tena. "Sasa nani mwongo hapa?" Nikasema kompyuta. Lakini sina hakika. Kompyuta inasema inachokiona.

Kabla hajatoka kasema tarehe ni ileile. Na kwamba Vuje kuna chumba kizuri, kina dirisha linalotazama bonde.

Alhamisi, 13 Februari

Leo sitaki kuandika habari za nyaya.

Mtoto amecheza! Nilikuwa nimekaa mezani, asubuhi, kiduara kinazunguka kama kawaida yake, nikasikia kitu kimegonga ndani. Nikadhani ni njaa. Kikagonga tena. Nikaweka mkono. Nikalia palepale, machozi kwenye kibodi. Faraja wa mapokezi kaniuliza nina nini, nikasema rimoti. Kaniambia dada, kazi isikuue.

Nimempigia Sadock, yuko njiani na lori kwenda Tunduma. Kapiga kelele mpaka utingo wake kauliza kuna nini. Kisha akaanza yaleyale: baba aambiwe sasa, mbona imefika mbali. Nikasema mwambie wewe, ni baba yako. Kasema yeye hawezi kumwambia baba mambo ya tumbo la mke wake, ni aibu, hayo yana njia yake. Njia yake ilikuwa mama mkwe, Mungu amrehemu. Sasa iliyobaki ni shangazi Beatha wa Mwanga.

Shangazi Beatha! Mwaka juzi nilimwambia mwezi wa pili tu. Mpaka Jumapili kanisa zima lilikuwa linanipa hongera. Mwezi uliofuata kanisa zima lilikuwa linanipa pole. Sirudii. Sitaki mtu aweke mdomo kwenye hii mpaka ilie yenyewe.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada kanipigia baba mkwe mwenyewe! Hajawahi kunipigia Jumapili. Kauliza mgongo. Nikasema unaendelea, baba. Kauliza nimeupata wapi. Nikasema kukaa sana. Kasema mkewe marehemu alikuwa na mgongo, alikuwa anakanda na majani ya mlimani, angenitumia kwa basi. Nikasema asante baba.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi naona kabisa inakoishia yangu. Tumbo halifichiki milele. Nguo zangu zote pana zimeshazunguka, sasa nimevaa hata gauni la msiba.

Jumatatu, 17 Februari

Kadi mpya imefika kutoka Moshi. Haina faida, maana nani ataifunga? Swalehe alikuwa apande nayo leo, kibanda chake kimeingiliwa na wezi usiku, yuko polisi.

Asubuhi haikubali. Mchana sifuri.

Nimejaribu kitu changu mwenyewe: nimeingia mchana nikafungua kumbukumbu ya kompyuta, ile inayoandika kila kinachoipata. Imeandika: waya wa sahani umechomolewa. Waya wa ndiva umechomekwa. Halafu: waya wa ndiva umechomolewa. Waya wa sahani umechomekwa. Siku hadi siku. Asubuhi na adhuhuri.

Waya haujichomoi. Kuna mtu. Lakini ofisini Vuje hakuna mtu ila baba mkwe, na baba mkwe amesema zipo. Sasa nimfikirie nini? Nimeogopa mawazo yangu. Je, hataki nifanikiwe? Je, ana ugomvi nami na hausemi? Nilimkosea wapi?

Jumatano, 19 Februari

Nimepata! Sio mimi, ni Sadock, tena bila kujua.

Nilimweleza kwenye simu kila kitu, nikiwa na hasira, nikasema baba yako ananihujumu. Kwanza alikasirika. Kisha akauliza zinachomolewa saa ngapi. Nikasema mmoja asubuhi, mwingine adhuhuri. Akacheka! Akacheka mpaka nikataka kukata simu.

"Mke wangu, hiyo ni zamu."

Zamu gani?

Zamu ya maji. Baba yake kagawa maji ya ndiva karibu maisha yake yote, kabla hajapewa funguo za ofisi. Mifereji miwili ikigombania maji, mgawaji hafungi mmoja kabisa wala haachii yote pamoja. Anagawa: asubuhi huu, adhuhuri ule. Sadock kasema hata wao walipokuwa wadogo, yeye na kaka yake waligombania redio, baba akawagawia — asubuhi kaka, mchana yeye, na ole wake aguse asubuhi. Swalehe kamwambia nyaya zinagombana, zisikae kwa pamoja. Mwingine yeyote angechomoa mmoja akasahau. Mgawa maji wa Vuje akazipa zamu, kwa haki, bila kuchelewa hata siku moja!

Na tulipouliza waya upo, upo kweli. Unasubiri zamu yake tu.

Nimecheka, nimelia, nimepata kwikwi. Swalehe nimempigia, kasema, "Kwa hiyo amri yangu haikuwa na kosa?" Hicho tu ndicho alichosikia.

Alhamisi, 20 Februari

Nimempigia baba mkwe asubuhi. Niliandika kwanza pembeni maneno ya kusema ili nisimvunjie heshima. Nikasema baba, tunashukuru sana kwa kuzigawa vizuri, fundi sasa amezipatanisha, zinaweza kukaa pamoja.

Kasema aliona ajabu kidogo kwamba hakuna aliyelalamika. Kwenye maji huwa wanalalamika siku ya kwanza. "Nikasema basi Same wameridhika."

Nikajibana nisicheke. Akachomeka zote mbili nikiwa kwenye simu. Nikabonyeza — nikaingia! Maji yapo! Yote kwa pamoja, kina cha ndiva hiki hapa, mshale huu hapa, mimi huyu hapa Same, mtoto ananipiga mateke. Nilitaka kupiga vigelegele.

"Imekubali, baba!"

"Ahaa," kasema. "Kwa hiyo kila kitu unakiona kutoka huko."

"Kila kitu, baba."

"Vizuri."

Ndivyo alivyosema, vizuri, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akaniaga haraka. Nimekaa na simu mkononi. Sielewi. Nimepata nilichokitaka na kuna kitu kinanikwaruza kifuani, sijui ni nini.

Imekubali jioni pia. Nimejaribu mpaka nimechoka. Swalehe kapita, kaiambia kompyuta "hongera, mama".

Ijumaa, 21 Februari

Naandika stoo. Nimekaa juu ya mabomba ya plastiki, mlango nimeurudishia. Huko ndani kikao kinaendelea, wanadhani nimekwenda msalani.

Niandike haraka, kwa mpangilio, maana kichwa kinazunguka kuliko kile kiduara.

Rimoti imefanya kazi. Skrini iliwekwa ukutani, wajumbe wote wanaona, wa juu na wa chini. Nikabonyeza, nikaingia Vuje mara moja. Kina cha maji, asubuhi, jana mchana, hakuna sifuri hata moja. Walipiga makofi. Mama Sharifa kanipigapiga begani, kasema dawati linabaki Same, yameisha. Nilitaka kumkumbatia.

Halafu akasema tumshukuru mzee. Akachukua simu yangu mezani, akampigia baba mkwe, akaweka spika. Akamwagia sifa. Wajumbe wote: asante mzee! Hongera mzee!

Baba akashukuru. Akasema kazi ni ya wote. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kawaida, kama anauliza hali ya hewa: "Sasa mwenyekiti, huyu mkwe wangu ndiyo hatapanda tena?"

Mama Sharifa akacheka. "Apande kufanya nini, mzee? Kila kitu anakiona hapa!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. 

"Nauliza tu. Mwezi wa kumi na mbili hakuja. Wa kwanza hakuja. Nilipouona huu waya wa Same, nikasema ukifanya kazi sana, basi huyu mtoto ndiyo nimempoteza. Lakini sikuubania, mwenyekiti. Niliupa zamu yake sawa na mwenzake, Mungu anaona. Ni hivyo tu kwamba tangu mama yao alale, yeye ndiye alikuwa anakuja kufungua yale madirisha ya nyumbani. Sijui nilimkosea wapi."

 Mjumbe mmoja kainamia viatu vyake. Mama Sharifa kanigeukia, na macho yake — nadhani yaliteremka mpaka kwenye gauni langu, na nadhani yalisimama hapo. Mama wa watoto wengi yule. 

Mimi nilikuwa namuuliza Mungu nilimkosea wapi mzee huyu, kumbe naye huko juu anauliza hilohilo.

Nikachukua simu, nikazima spika. Nikasema baba, hukunikosea.  Nikasema nakupigia sasa hivi.

Kasema: "Nipigie, mwanangu. Ukiwa peke yako. Niko hapahapa ofisini, nimeushikilia huu waya wa ndiva, maana adhuhuri inakaribia na mkono wangu una mazoea ya kuuchomoa."

Ndiyo niko stoo.

Kuna njia yake, nazijua taratibu. Binti hamwambii baba mkwe habari za tumbo lake. Nimpigie shangazi Beatha, yeye ampigie kaka yake, aseme kwa mafumbo, baba aelewe, asionyeshe kwamba ameelewa. Ndivyo inavyofanywa. Na mpaka jioni Mwanga nzima itajua, na mimi nitaanza tena kuhesabu hongera kwa hofu. Sadock hapatikani, yuko milimani huko Iringa. Namba ya shangazi iko hapa kwenye skrini. Ya baba iko chini yake.

Na nikimwambia mgongo tena, atanitumia majani.

Nimeweka mkono tumboni. Anacheza, huyu, hajui lolote. Naogopa. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nitaanzaje? Shikamoo baba, halafu? Hata neno lenyewe silijui, la kumwambia yeye.

Faraja anagonga mlango. Kasema wananiita, Mama Sharifa anataka wajumbe waone tena ile ya jana mchana. Nimemwambia dakika moja.

Nimebonyeza. Inaita. Siyo namba ya shangazi.